Kicheko Chini ya Blanketi

Mtaani walimwita Bwana Tarehe, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa jina hilo ndilo lililomlisha. Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, alikaa mbele ya maikrofoni ya redio akawachekesha watu kwa mambo yaliyotokea siku kama hiyo zamani, na kwa watu mashuhuri waliozaliwa siku hiyo. Siku kama ya leo mfalme fulani alitawazwa, taji likawa kubwa likamshuka mpaka puani, akaongoza nchi maisha yake yote bila kuiona. Siku kama ya leo jemadari fulani alitangaza vita, akasahau kumjulisha adui, akangoja uwanjani mpaka askari wake wakaanza kulima mahindi. Leo mcheza sinema fulani anatimiza miaka sitini, mpeni hongera zake, ila meno yake msiyape, hayo yana miwili tu. Watu walivunjika mbavu mezani, wakamaliza chai yao, wakaenda kazini.

Ni kazi ya kipuuzi ukiitazama kwa jicho kavu, lakini aliifanya kwa moyo wote. Alizijua tarehe za watu wasiomjua: siku waliyozaliwa, siku waliyooa, siku waliyooa tena. Tarehe mbili tu hakuwahi kuzitaja hewani, ile aliyozaliwa binti yake na ile aliyofariki. Binti huyo walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Homa ilimchukua kabla hajajifunza kusoma, na mtoto wa umri huo hana umaarufu wa kumpeleka redioni. Siku hizo mbili zilipofika kila mwaka, baba yake aliwachekesha watu kama kawaida, kisha akarudi nyumbani akalala na viatu miguuni.

Hayo yalikuwa ya zamani. Walioanza kumsikiliza wakiwa shuleni sasa wana vipara. Yeye na mkewe walibaki wawili katika nyumba yao ya vyumba viwili, na chumba cha mbele mkewe alikigeuza kuwa duka la udobi. Alifua nyuma, akaanika uani, akapiga pasi mbele, mlango ukiwa wazi ili wapita njia waone anavyonyoosha kola. Alikuwa dobi ambaye hajawahi kuunguza nguo ya mtu. Wateja walimwita Mama Dobi. Zamani walimwita Mama Chiriku, lakini baada ya msiba watu waliona haya kulitamka jina hilo, wakalipitia mbali. Mumewe peke yake ndiye aliyeendelea nalo.

Sasa siku moja Mama Chiriku aliweka pasi juu ya shati jeupe la mteja, akaiacha pale. Bwana Tarehe alinusa moshi akiwa chumbani, akaja mbio. Shati lilikuwa limeshatoboka na meza imeanza kubabuka, naye mkewe amesimama tu, mikono imening'inia.

"Simsikii tena," akasema.

Akamuuliza nani. Akamwambia Chiriku. Sura yake anaiona, kwa sababu picha ipo ukutani, lakini kicheko kimeondoka. Miaka yote hiyo alikuwa akilala nacho na kuamka nacho. Akiwa peke yake na pasi alikuwa akikiita, nacho kinakuja. Sasa anakiita hakiji. Amekitafuta tangu juzi, kila akidhani amekipata anakuta ni kelele za watoto wa jirani.

Mume alitaka kumwambia kwamba yeye bado anakisikia, amwigie kidogo, mambo yaishe. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Hapo ndipo alipogundua kwamba yeye naye kilishamtoka, labda siku nyingi, na hata hakujua kilipoondoka. Aliingia bafuni, akajifungia, akajaribu kucheka kama mwanawe. Kilichotoka ni kile kicheko chake cha redioni, cha kuwakaribisha wasikilizaji. Akaogopa kwelikweli.

Tangu siku hiyo mwanamke hakushika tena pasi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, ameshika tama, nguo za watu zimelundikana mpaka dirishani. Chakula alikisogeza pembeni. Uji alikunywa funda moja kwa kuona aibu tu, kisha hata aibu ikamwisha. Waliokuja kuchukua sare na mashuka walikuta mlango umefungwa, wakagonga, wakalaani, wakaenda zao. Mganga wa zahanati alimpima, akasema mwili hauna neno, akaandika vidonge vya kuongeza hamu ya kula, ambavyo hakuvila.

Dada yake mkubwa akaja, akakaa naye kutwa nzima, kisha akamwita shemeji yake nje na kumwambia bila kuzungusha. Mama yao mzazi alikwenda hivihivi. Alikaa kwenye kiti, akakataa chakula, wakambembeleza, wakamlazimisha, na haikupita miezi wakamzika. "Shemeji, huyu anakwenda," akasema. "Kama una la kufanya, lifanye sasa." Bwana Tarehe akabaki amesimama kwenye kamba za nguo, roho mkononi. Mtu aliyezoea kuwachekesha maelfu, na mmoja tu anamshinda.

Alijaribu, maskini. Alimsomea vichekesho vyake vilivyo bora, yule jemadari, yule mfalme. Mkewe alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mlevi. Lakini jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado uani, alisema maneno ya kwanza yenye uzima.

"Wewe si ulimrekodi? Chini ya blanketi."

Ilikuwa kweli. Ile homa ilipoanza, Bwana Tarehe hakutaka kutoka nyumbani, akawa anabeba kinasa sauti cha kituo na kurekodi kipindi chumbani kwake. Nyumba ya bati ina mwangwi, kwa hiyo alifanya wanavyofanya watu wa redio wasio na studio: alijifunika blanketi gubigubi, kwa kuwa blanketi linameza mwangwi, akasoma kwa tochi. Jasho lilimtiririka na sauti ikatoka nzuri. Chiriku, na homa yake, alikuwa akiinua pembe ya blanketi na kujipenyeza ndani. Siku ya kuzaliwa ya mwimbaji mmoja mashuhuri aliyezoea suti nyeupe, baba yake alisoma kwamba leo kipenzi chetu anatimiza miaka arobaini na tano, kwa mara ya nne mfululizo. Mtoto hakujua miaka arobaini na tano ni kitu gani, lakini alimwona baba yake amefurahi, akacheka mpaka kinasa sauti kikamwanguka baba mkononi. Mama alikisikia kicheko hicho kutoka jikoni. Hakikusikika kingine tena baada ya hapo.

"Kiliingia kwenye mashine," akasema mkewe. "Niletee." Kisha, ili kuonyesha kwamba wamekubaliana, akavuta bakuli la uji akanywa mafunda mawili.

Asubuhi yake Bwana Tarehe alifika kazini akakuta kituo kiko juu chini. Walikuwa wanahamia jengo jipya, kila kitu kilichoonekana cha maana kimeshaingizwa kwenye kompyuta, na vitu vya zamani vilivyokuwa stoo ya nyuma vinapakiwa kwenye lori siku hiyohiyo vikatupwe. Makuli walikuwa wameshaanza. Alitaka kukimbilia stoo moja kwa moja, lakini taa nyekundu ya studio iliwaka na ikabidi akae. Akawatakia wasikilizaji asubuhi njema. Akawaambia kuwa siku kama ya leo malkia fulani alizindua daraja, akakata utepe, daraja likadhani ni ishara, likaanguka. Kupitia kioo alimwona kuli akipita na boksi begani, akasoma sentensi iliyofuata mara mbili. Waliosikia walidhani ndiyo mzaha wenyewe.

Kipindi kilipoisha alimshika mkono fundi mitambo wa kituo, mama mmoja mnene aliyebakiza siku chache astaafu, ambaye wote walimwita Mama Mitambo. Yeye peke yake ndiye aliyejua bado kuiendesha ile mashine kubwa ya tepu. Akamweleza kwa kifupi. Mama Mitambo hakuuliza mara mbili, alivua miwani ya kusomea akavaa ya kazi.

Tepu za kipindi chake zilikuwepo, safu kwa safu, na hapo ndipo walipouona upumbavu wao wenyewe. Kila boksi lilikuwa limeandikwa siku na mwezi, mwaka hakuna. Nani alihitaji mwaka? Historia ni ileile, birthdei ni ileile, mwaka ukizunguka unachukua tepu ya siku hiyo unapata vya kuchokonoa. Walijisifu kwa utaratibu huo. Sasa siku ya yule mwimbaji ilikuwa na tepu zilizojaa boksi zima, na kuzisikiliza hakukusaidia, kwa sababu kila mwaka Bwana Tarehe alisema mzaha uleule. Utani wa "kwa mara ya nne" watu waliupenda sana, akaubakiza hivyohivyo. Mwimbaji alitimiza arobaini na tano tepu hii, akatimiza arobaini na tano tepu ile, hakuzeeka wala hakupata mtu wa kumhurumia.

"Tafuta ile isiyo na studio," Bwana Tarehe akamwambia Mama Mitambo. "Ile ya blanketi. Sauti yake nzito, haina ukuta."

Basi wakaanza. Mama Mitambo aliweka tepu, akaizungusha, Bwana Tarehe akafumba macho, akatikisa kichwa, ikatolewa. Nyuma yao makuli waliingia na kutoka. Tepu nyingine zilikuwa zimeshikana, nyingine zilikatika kwenye mashine wakaziunga. Kila mara alijisikia mwenyewe akiwa kijana, mchangamfu, hana habari, akamchukia mtu huyo. Katikati ya kazi kuli mmoja akaliinua lile boksi lenyewe, lililokuwa bado na tepu ambazo hawajazisikiliza. Bwana Tarehe alimrukia. Walivutana, mzee wa watu akateleza, akaanguka chali na boksi juu yake, na bado hakuliachia.

Mkuu wa kituo akaitwa. Alikuwa kijana mwenye adabu zake na haraka zake. Akamuuliza, mzee, kuna tatizo gani, hizi si takataka?

"Mwanangu yumo humu," akasema Bwana Tarehe akiwa bado sakafuni.

Hakuna aliyecheka, ingawa watu wa kituo kile walikuwa wamezoea kila akisema kitu wacheke. Mkuu akatazama saa, akatazama boksi, akasema lori litapakia vitu vingine kwanza, ila likijaa litaondoka na vyote. Aliona amefanya wema, na kwa kweli ulikuwa wema, japo mfupi.

Waliipata ikiwa karibu ya mwisho. Neno la kwanza tu lilitosha. Sauti ilikuwa nzito, ya karibu, ya mtu anayepumua hewa yake mwenyewe. Bwana Tarehe akamshika Mama Mitambo bega. Ikaja siku ya kuzaliwa ya mwimbaji, ikaja suti nyeupe, ikaja miaka arobaini na tano, kwa mara ya nne mfululizo. Ikafuata sauti yake ileile ikisema, na sasa karibuni kwenye taarifa ya habari. Hapakuwa na kitu katikati. Akasema rudisha. Akairudisha. Akasema tena. Mara ya tatu Mama Mitambo aliizima mashine, akaweka mikono mapajani.

"Kaka, nilikata mimi," akasema. "Ulisimama palepale ulipo sasa. Ukaniambia, dada, nisafishie hapo, kuna kelele za mtoto."

Bwana Tarehe akaitazama ile mashine. Alikuwa na sifa mjini kwa usafi wa tepu zake, hakuna kikohozi, hakuna mlango, hakuna jogoo. Akakumbuka. Hakukumbuka kicheko, akakumbuka kuudhika nacho.

"Kipande kiko wapi?"

"Tulikuwa tunakata kwa wembe, vinaanguka chini. Jioni mfagizi anapita."

Naye, mtu mzima mwenye mvi, akainama akaangalia sakafu. Aliangalia chini ya mashine, akapitisha kiganja kwenye vumbi la ukutani, akatoa kofia ya kalamu na mende mkavu. Mama Mitambo alimwacha afanye hivyo mpaka alipochoka mwenyewe, kisha akamsaidia kukaa kitini. Aliposema, alisema polepole. Wana tepu ya sauti za michezo ya redio, yenye milango, mvua, magari, na vicheko vya kila aina. Vya watoto vipo. Anaweza kuchukua kimoja akakipachika pale palipokatwa. Ni miaka mingi, mama wa watu ni mgonjwa, na mtoto akicheka ni mtoto tu.

Bwana Tarehe hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Wakavisikiliza vicheko hivyo, vya watoto wazuri, wenye afya, walioletwa studio na wazazi wao wakapewa peremende. Kimoja kilikuwa laini, kimepanda vizuri na kushuka vizuri. Aliposikia hicho alilia, na Mama Mitambo akachukulia kwamba ndicho. Akakata kwa wembe, akaunga kwa gundi. Wakaicheza tepu hiyo, Bwana Tarehe akasogeza simu yake karibu na spika akarekodi. Nje lori liliwasha injini.

Njiani alitembea kama mwizi. Alijiambia kwamba ni dawa, na mgonjwa haulizi dawa imetengenezwa na nini. Alijiambia kwamba mkewe atakula, atashika pasi, na wao wawili watazeeka na mtoto wa watu ndani ya simu. Kisha alijiambia kwamba akifa akiwa hajasikia chochote itakuwa vibaya zaidi. Kila alilojiambia lilikuwa na maana, na hakuna hata moja lililomtuliza.

Alimkuta mkewe amekaa wima kwenye kile kiti. Alikuwa amenawa uso na kufunga kitambaa kipya. Dada yake alikuwa mlangoni, akawapisha akaenda uani. Bwana Tarehe aliweka simu juu ya meza ya pasi, kando ya lile doa jeusi, akabonyeza, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Sauti ya blanketi ikajaa chumbani. Mama Chiriku alifumba macho. Suti nyeupe. Arobaini na tano. Kwa mara ya nne mfululizo. Kikaja kicheko, laini, kikapanda, kikashuka. Karibuni kwenye taarifa ya habari.

Alifumbua macho. Akamtazama mumewe kwa muda, na uso ulikuwa mkavu kabisa.

"Huyu ni nani?"

Bwana Tarehe akatazama lile doa jeusi mezani.

"Nakuuliza, baba. Umeniletea mtoto wa nani?"

Bwana Tarehe akateremka na ukuta mpaka chini, akamwambia yote: tepu, wembe, mfagizi, vicheko vya michezo. Alimwambia pia lile alilotaka afe nalo, kwamba ni yeye mwenyewe aliyemwita mtoto kelele. Alikuwa na hakika sasa amemmaliza. Alingoja mkewe anyamaze, ule unyamavu wa kiti, usiorudisha mtu.

Lakini Mama Chiriku alikuwa amekasirika. Kwa majuma hakuwa na nguvu ya kukasirika, na sasa hasira ilimwinua kitini, akashika meza ya pasi kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu hakucheka hivi," akasema. "Huyu anacheka kama mtoto aliyefundishwa. Chiriku alikuwa anaanzia puani. Anabana kwanza, hataki kitoke, puani kinamtoroka, halafu ndiyo anaachia kwa koo. Sikiliza. Hivi."

Akabana midomo. Kikatoka kitu kama mkoromo, kikakwama. Akatikisa kichwa, sivyo, akaanza tena. Mara hii pua ilikubali, kikatoroka kidogo, kisha kikafunguka kooni kwa mkwaruzo, kikavunjika vipandevipande na kumalizikia kwenye kwikwi.

Mama Chiriku aliweka mkono mdomoni kama aliyetapika kitu, na Bwana Tarehe, pale chini, nywele zilimsimama. Kilikuwa chenyewe. Hakuwa amekikumbuka, lakini kilipopita alikijua, hata pale kinapokwaruza, hata ile kwikwi iliyomfanya zamani apandishe sauti na kusema, haya mama, kapumue nje kwanza baba amalize.

"Tena," akasema.

Akajaribu, kikamtoka vibaya. Machozi yalikuwa yameshaingia, pua imeziba. Akajaribu tena, kikawa nusu. Bwana Tarehe alitambaa mpaka miguuni pake, akamshika vifundo vya miguu, akamsihi asikiache kiende, asikiache, na uani yule dada mkubwa alikuwa amesimama kwenye kamba za nguo na kuwasikia, hajui kama aingie au aite watu. Mama Chiriku akafuta pua kwa kitambaa chake kipya, akavuta pumzi, akabana midomo, akaanza upya kutoka puani.